Darasa la vidudu nalo ni siasa

Makamanda, tukisikia "bajeti ya elimu" sisi tulioko vyuoni akili inakimbilia bumu. Leo naomba tushuke hadi chini kabisa, kwenye darasa la vidudu, maana huko ndiko shilingi ya mlipa kodi inazaa zaidi. Na huko ndiko serikali ya CCM inafanya usanii.

Huku kwetu Nkoaranga kina mama wanashuka na ndizi Soko la Tengeru, wengine alfajiri wanawahi mashamba ya maua Usa River. Mtoto wa miaka minne anabaki na nani? Mwenye hela anampeleka chekechea ya kulipia. Asiyenayo anamwachia bibi, au dada mtu, ambaye siku hiyo anakosa shule.

Sasa tazameni majirani zetu. Mkoa wa Gaza, Msumbiji, shirika la Save the Children liliendesha shule za awali vijijini kwa takribani dola 2.47 kwa mtoto kwa mwezi. Utafiti uliotolewa na Benki ya Dunia mwaka 2012 ulionyesha watoto hao waliingia shule ya msingi kwa wingi kuliko wenzao kwa asilimia 24. Kaka na dada zao nao wakahudhuria shule zaidi, na walezi wakapata muda wa kufanya kazi. Pesa moja, faida tatu.

Ila rahisi haimaanishi bora liende. Shule za awali za madrasa za Zanzibar, Kenya na Uganda zilifanikiwa kwa sababu ziliwafundisha kina mama wa palepale kuwa walimu, na vifaa vikatengenezwa kwa vitu vinavyopatikana mtaani. Siri ni mwalimu, si jengo.

Kwetu je? Sera ya Elimu ya 2014 ilifanya mwaka mmoja wa awali kuwa lazima. Ada ikafutwa, na watoto wa awali wakapanda kutoka takribani milioni 1.07 mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2016. Safi. Lakini walimu hawakuongezeka hivyo. Kiwango ni watoto 25 kwa mwalimu, ila mwaka huohuo shule za serikali zilikuwa na watoto zaidi ya 100 kwa kila mwalimu mwenye sifa. Hapo hakuna kufundisha, kuna kuchunga. Hela imetumika, faida haipo. Halafu mtu anapanda shangingi kuja kutuambia bajeti haitoshi!

Mzazi anaweza kwenda mahakamani? Mimi nasoma sheria, na jibu linauma. Ibara ya 11 ya Katiba inataja haki ya kujielimisha, lakini Ibara ya 7(2) inasema mahakama haiwezi kuyatilia nguvu masharti ya sehemu hiyo. Yaani ni haki usiyoweza kuidai. Ndiyo maana Katiba Mpya si ajenda ya wanasiasa tu, ni ajenda ya mtoto wa vidudu.

Wakati tunaipigania, kazi ipo. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu. Nenda, nyoosha mkono, uliza: darasa la awali lina watoto wangapi, na walimu wenye sifa wangapi? Wakikujibu, andika namba hizo na kikao kijacho uliza tena. Udongo uwahi ungali maji.