Goma: Si mawe ya volkano peke yanayoumiza miguu ya wakimbiaji

Siku ya posho na siku ya Mungu, mbele ya jua kutoka, vikundi vya vijana vinakimbia katika barabara za Goma vikiimba kwa kufatana hatua. Saa moja kisha, wengine wanarudi nyumbani wakichechemea. Ukiwauliza sababu, jibu ni moja: mawe.

Ni kweli, muji huu umekaa juu ya moto uliopoa. Nyiragongo ililipuka mwaka 1977, mwaka 2002 ikapitisha lava katikati ya muji, na tarehe 22 Mei 2021 ikafika tena mpaka pembeni. Katika mitaa mingi mutu anakanyaga mawe meusi yenye makali. Lakini mawe hayo kila mutu anayakanyaga, na si kila mutu anayeumia kifundo cha muguu. Mara nyingi tofauti iko ndani ya kiatu.

Viatu vingi vya mbio ni vya mitumba, vya Birere ao vya soko Virunga. Hakuna haya katika hilo. Feza za kununua vipya ni za wachache. Ubaya ni namna ya kununua. Mununuzi anaona rangi, anasoma numero 42, anabishana bei, anaenda. Numero hiyo haisemi kitu kikubwa: kutoka moja mpaka ingine ni karibu milimita 7 tu, na 42 ya kiwanda kimoja inaweza kubana kuliko 41 ya kingine.

Tena kiatu cha mitumba kimekwisha kujifunza muguu wa mutu mwingine. Kama yule wa kwanza alikuwa anakanyagia upande, soli imelika upande huo na sponji ya ndani imelala huko. Anayekivaa leo anakimbia kama mutu aliye kwenye muteremko, hata barabara ikiwa sawa. Kifundo kinapindwa kila hatua. Kiweke juu ya meza, ukitazame kwa nyuma: kama kisigino kimeinama, kiache, hata kikingaa. Kungaa ni kazi ya brosi na sabuni. Sponji inazeeka na kuwa ngumu, hata kiatu kikikaa bila kuvaliwa.

Wauzaji nao wana sehemu yao. Kumupa mutu kiatu kimoja ajaribie akiwa amesimama muguu mumoja katikati ya watu, hiyo si kujaribu. Miguu miwili ya mutu mumoja haina urefu sawa kila mara. Avae vyote viwili, na soksi atakazokimbia nazo, afunge kamba, apige hatua makumi mawili. Vizuri iwe mangaribi, maana muguu unavimba kidogo muchana kutwa. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Nyuma, kisigino kisipande na kushuka. Na ukingo wa kiatu ukigusa mufupa wa kifundo pale sokoni, kwenye kilometa ya tano utachubua ngozi. Kwa aliyekwisha kununua, soli nyembamba ikiwekwa chini ya kisigino inapandisha muguu, na mara ingine inatosha.

Kinachosikitisha zaidi ni desturi ya kukanda. Kifundo kimevimba, mutu anapelekwa kwa mukandaji, anavutwa kwa nguvu, na siku ya Mungu inayofuata yuko barabarani tena na viatu vile vile. Asiyeweza kupiga hatua ine, ao anayesikia maumivu akiguswa juu ya mufupa, aonwe na munganga na apigwe picha, maana mufupa unaweza kuwa umevunjika. Wakubwa wa vikundi, wanaojua kuhesabu hatua vizuri hivyo, wanaweza pia kumutoa kwenye safu yule anayechechemea. Leo wanamupigia makelele akaze.