Wastani Umepanda, Sawa. Lakini Mama Ntilie Aongeze Mtaji?

Wenzetu wa kozi za biashara wameshaanza kuzunguka kwenye migahawa na mabanda ya chakula hapa jirani na chuo, makaratasi mkononi, wanafanya utafiti wa masoko. Ni jambo zuri. Shida yangu mimi ni ule ushauri wanaouacha huko. Mwanafunzi akikosea anapata C na maisha yanaendelea. Mama ntilie akifuata ushauri mbovu, mtaji ndio unakwenda, na pengine ada ya mtoto humo humo.

Ushauri wenyewe mara nyingi unakaa hivi: "Mama, wiki isiyo na ofa uliuza wastani wa sahani 50 kwa siku. Wiki ya ofa ya juisi ya bure uliuza 55. Ofa inalipa, endelea nayo." Mimi nasema ngoja kwanza.

Tuchukue mfano wa kutunga. Wiki ya kwanza mama kauza sahani 40, 62, 51, 38 na 59. Wiki ya ofa kauza 45, 68, 41, 63 na 58. Piga hesabu, wastani ni 50 na 55 kweli. Lakini angalia siku zenyewe zinavyorukaruka! Hata kabla ya ofa, kuna siku zilipishana kwa zaidi ya sahani 20. Sasa tofauti ya sahani 5 inatuambia nini hapo? Ukiweka namba hizo kwenye jaribio la t unapata kama 0.7, wakati kwa siku chache hivyo unahitaji zaidi ya 2.3 ndipo useme kwa kipimo cha kawaida cha asilimia 5 kwamba hii si bahati tu.

Geuza mfano. Tuseme wiki ya kwanza kauza 49, 50, 51, 50, 50 na ya pili 54, 55, 56, 55, 55. Wastani ni zile zile 50 na 55, ila t inaruka mpaka 11. Hapo hata mimi nakubali kuna kitu. Mnaona? Wastani peke yake hausemi kitu mpaka uulizwe mtawanyiko. Sisi wa ualimu tunafundishwa hivyo hivyo kwenye alama za mikondo miwili ya darasa moja: usimsifu mwalimu wa mkondo A kabla hujaona alama zimetawanyika vipi.

Kuna watakaosema, aah, hizo ni hesabu za wakubwa, banda la mama halina takwimu za kutosha. Hapana jamani. Jaribio hili lilitengenezwa kwa ajili ya sampuli ndogo. Aliyelileta, William Gosset, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, na kazini kwake vipimo vilikuwa vichache. Mwaka 1908 alichapisha makala yake kwa jina la "Student", yaani Mwanafunzi, kwa sababu kampuni haikutaka wafanyakazi wake wachapishe kwa majina yao. Kwa hiyo chombo hiki ni cha wenye namba chache, tena kina jina letu kabisa!

Ila hata t ikiwa kubwa, bado kuna suala la boom. Wote tunajua likitoka boom kampasi nzima inakula chipsi kuku, likiisha tunarudi kwenye wali maharage, tena wa kukopa. Ukilinganisha wiki kabla ya boom na wiki baada yake, umepima bodi ya mikopo, hujapima juisi. Dawa yake ni rahisi: usigawe kwa wiki, rusha shilingi kila asubuhi. Ikiangukia kichwa, leo ofa. Ikiangukia upande wa pili, leo hakuna. Fanya hivyo mwezi mzima, halafu ndio ulinganishe.

Wapo waliofanya vizuri. Mwaka 2002 David Strohmetz na wenzake walichapisha utafiti wa migahawa ya Marekani, ambako wateja huacha bakshishi kwa mhudumu. Makundi ya wateja yaligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakaletewa chokoleti pamoja na bili, wengine bili tupu. Katika jaribio la kwanza bakshishi ilitoka kama asilimia 15 ya bili hadi karibu 18. Swali moja, waliamua kabla ya kuanza, wakapima, basi.

Na wapo wa kutuogopesha. Brian Wansink wa Chuo Kikuu cha Cornell alikuwa na jina kubwa kwenye tafiti za ulaji. Mwaka 2016 aliandika mwenyewe jinsi data za mgahawa mmoja wa bufee ya pizza zilivyokataa kutoa jibu alilotarajia, akampa mtafiti mdogo azichimbe mpaka kitu kipatikane. Zikatoka makala nne. Mwaka 2017 watafiti wengine wakazipitia wakakuta namba zisizolingana kama 150. Mwaka 2018 Cornell ikatangaza kwamba alikiuka maadili ya utafiti, na akaacha kazi. Ukilinganisha makundi 20 ambayo hayana tofauti yoyote, kwa kipimo cha asilimia 5 tarajia moja lijifanye lina tofauti. Ndio maana kubofyabofya SPSS mpaka kitu kitoke si utafiti, ni ramli.

La mwisho, tofauti ya kweli si lazima iwe tofauti yenye faida. Hata kama zile sahani 5 ni za kweli, mama anatoa glasi 55 za juisi ili apate faida ya sahani 5 za nyongeza. Gharama ya sukari na matunda nani kaipiga? Hilo halimo kwenye t, limo kwenye daftari la mama.

Kwa hiyo wadau wa biashara msininunie. Nendeni mabandani, ila kabla ya kumwambia mama wa watu "endelea", mwonyesheni mauzo ya kila siku, semeni mligawa vipi siku za ofa, na mpige naye gharama. Na kama namba hazitoshi, mwambieni tu hazitoshi, aendelee kuuza wali wake kwa amani.

Mwenye mawazo tofauti amwage, uwanja uko wazi. Alamsiki.