Pete ya Mchawi na Daftari la Mpimaji

Lisemwalo lipo, na ikiwa halipo, laja. Ndivyo wasemavyo wahenga, na katika mambo mengi ya mtaani na kambini methali hii haikosi ukweli. Lakini iko nchi moja ambamo imewapotezea watu wengi saa zao na usingizi wao. Nchi hiyo ni ya kubuni, nayo huitwa Vana'diel. Imo ndani ya mchezo wa kompyuta uitwao Final Fantasy XI, uliotolewa na kampuni ya Square ya Japani mwezi Mei 2002, na ambao hadi leo bado una wachezaji wake.

Yafaa ifahamike kwanza ni mchezo wa namna gani. Kila mchezaji hujitwalia mhusika mmoja, awe mpiga upanga, tabibu, mwizi au mchawi, kisha kwa njia ya intaneti hukutana na maelfu ya wengine walioketi katika nchi zao mbalimbali. Hupigana na madubwana bega kwa bega, hufanya biashara, na hujipatia silaha, pete na majoho. Mhusika akiuawa hupoteza sehemu ya alama za uzoefu alizozichuma kwa siku nyingi, na huweza hata kushushwa ngazi. Kwa hiyo zana aliyoivaa si pambo. Ndiyo inayoamua kama jasho la juma zima litabaki au litapotea.

Hapo ndipo lilipo fumbo. Maelezo yaliyoandikwa juu ya zana ni mafupi mno. Joho fulani huandikwa kwamba huongeza urejeshaji wa nguvu za uchawi, lakini halisemi kwa kiasi gani. Pete nyingine huandikwa kwamba ina nguvu iliyolala, bila kutaja ni kitu gani kitakachoiamsha. Ziko hata zana zenye sifa ambayo haikuandikwa kabisa. Waliotunga mchezo walificha kwa makusudi, maana nchi isiyo na siri haina utamu wa kuizunguka. Hilo haliwezi kuitwa kosa. Ila siri ikishakuwapo, uvumi nao hupata malisho.

Siri nyingine ni nyepesi. Joho liitwalo Vermillion Cloak ni la namna hiyo. Mpimaji hulivaa, husimama pasipo adui, na kutazama hesabu ya nguvu zake za uchawi pamoja na saa. Huona kwamba kila baada ya sekunde 3 huongezeka alama 1, yaani 20 kwa dakika. Akilivua, ongezeko hukoma. Jambo limekwisha, na mtu yeyote mwenye dakika 5 anaweza kulihakikisha mwenyewe.

Pete iitwayo Sorcerer's Ring ilitaka subira zaidi. Maandishi yake yalisema ina nguvu iliyolala ya kuongeza ukali wa mashambulizi ya kichawi kwa alama 10. Je, huamka lini? Usiku? Mbele ya adui wa aina fulani? Mchawi akiwa mgonjwa? Wachezaji waliotaka jibu la kweli walilitafuta kwa utaratibu ambao fundi yeyote wa karakana angeutambua: badili kitu kimoja tu, mengine yote yaache kama yalivyo. Adui awe wa aina ileile na ngazi ileile, uchawi uwe uleule, mavazi yawe yaleyale. Kila pigo na majeraha yake huandikwa daftarini.

Bahati njema, pigo la kichawi katika mchezo huu halipandi na kushuka ovyo. Hali zikiwa sawa, hutoa majeraha yaleyale, isipokuwa adui anapolikinza. Hapo hukatwa likawa nusu, robo au thumni. Mpimaji akizifahamu sehemu hizo, huziweka kando asije akadanganyika. Tena hutazama kalenda. Juma la Vana'diel lina siku 8, kila moja ikiwa na asili yake kama vile moto, maji au upepo, na siku inayoafikiana na uchawi huweza kuliongezea pigo nguvu. Siku moja ya huko ni dakika 57 na sekunde 36 za saa ya ukutani. Anayeanza kupima siku ya moto kwa uchawi wa moto, akamalizia siku ya maji, amechanganya mchele na chuya.

Kwa njia hiyo jibu lilipatikana. Pete huamka pale uhai wa mchawi unapokuwa asilimia 75 au chini yake, na wakati uleule akiba yake ya mapigo iwe haijafika kiwango cha kumruhusu kutoa pigo kuu la silaha. Ni masharti mawili kwa pamoja, na ndiyo maana aliyejaribu sharti moja peke yake aliweza kuona pete inaamka leo na kulala kesho, akaapa kwamba ni mambo ya mwezi. Baada ya kulijua hilo, wachawi walibuni hila. Huvaa kwanza mavazi yanayopunguza kiwango cha juu cha uhai, kisha huyavua. Kiwango hurudi juu, lakini uhai uliopo hubaki chini, na pete huamka. Ni hila ya hatari. Mtu aliyepunguza uhai wake kwa hiari hana budi kujua kwa hakika anachokipata badala yake, maana dubwana likimgeukia hatapata nafasi ya pili.

Ugumu wa kweli umo katika mambo ya bahati nasibu. Mwizi katika mchezo huu ana kipawa cha kuongeza uwezekano wa kuokota vitu vya thamani kwa adui aliyeuawa. Hukipata afikapo ngazi ya 15, na hukiongeza ngazi ya 45. Lakini huongeza kwa kiasi gani? Hapa mapigo 10 hayatoshi, wala 20.

Chukua mfano wa kitu kinachopatikana mara 5 katika kila 100. Watu 100 wakiua adui 20 kila mmoja, watu kama 36 kati yao hawataona hata kimoja. Hao 36 watarudi wakisema kitu hicho hakipo. Mwenzao mmoja aliyepata viwili mfululizo atasema ni cha kawaida sana. Wote ni wakweli, na wote wamepotoka. Hata mtu akiua 100, anaweza kupata chochote kati ya 1 na 9 bila kanuni yoyote kubadilika. Kwa hiyo anayelinganisha visu viwili, kimoja kikampa vitu 4 na kingine 7, hajathibitisha lolote. Ni pale hesabu inapofika adui 10,000 ndipo jawabu linapobana, likawa kati ya 457 na 543 hivi.

Askari aliyepita katika shabaha halioni jambo hili kuwa geni. Hakuna mkufunzi anayeruhusu kuono ya bunduki irekebishwe kwa risasi moja. Hupigwa kadhaa, hutazamwa kundi lake kwenye karatasi, ndipo mkono unaposogea.

Kuua adui 10,000 kwa dakika moja kila mmoja ni kazi ya zaidi ya saa 166, yaani karibu siku 7 bila kulala. Ndiyo maana wapimaji hugawana. Watu 20 hubeba 500 kila mmoja, kisha madaftari hukusanywa. Sharti lao kubwa ni kwamba kila mtu alete hesabu yake nzima, hata kama ni ya mikono mitupu. Aliyebahatika huwahi kusimulia, naye aliyekosa hunyamaza. Zikikusanywa hadithi za waliobahatika tu, kila zana itaonekana ya ajabu.

Pasipo utaratibu huo, uvumi ulitawala. Kwa miaka mingi wako mafundi wa Vana'diel walioshikilia kwamba anayeunda kitu akielekeza uso upande fulani wa dira, au akingoja mwezi ufike hali fulani, kazi yake hutoka bora zaidi. Wakasimama mahali pamoja, wamegeukia kaskazini au kusini, malighafi ya thamani mkononi, wakingoja mwezi. Kosa halikuwa kujaribu, bali kukumbuka siku za kufaulu na kuzisahau nyingine.

Na siri huweza kugharimu mwili wenyewe. Mwaka 2008 kundi moja la wachezaji lilipambana na dubwana liitwalo Pandemonium Warden, ambalo mbinu ya kulishinda ilikuwa haijajulikana. Walipigana zaidi ya saa 18 mfululizo. Wengine wakatapika, wengine wakazirai, na mwishowe wakaacha bila ushindi. Katika mwaka huohuo kampuni ililipunguzia dubwana hilo ukali na kuweka kikomo cha saa 2. Mzazi ambaye kijana wake hukesha mbele ya kompyuta hana haja ya kuuchukia mchezo wote. Ana haki ya kuuliza saa ngapi zimepita, na kijana amekula lini.

Wapimaji wazuri walikuwa na desturi moja ya kupendeza: palipokosekana hesabu ya kutosha, waliandika kwamba halijulikani, wakataja na idadi ya majaribio yaliyokwisha kufanywa ili mwingine aendeleze kutoka hapo. Kisha kampuni ilipobadilisha kanuni za mchezo, kama ilivyofanya mara nyingi, ukurasa ule ulipigwa mstari, tarehe mpya ikaandikwa juu, na adui wa kwanza akahesabiwa tena.