Gogogo Mgeni Kinywani mwa Perege

Anayetaka kuzalisha samaki katika tangi la vioo sebuleni kwake hutafuta kwanza dume na jike, kisha huwatengea mahali patulivu. Kwa gogogo mwenye madoadoa wa Ziwa Tanganyika, ambaye wataalamu humwita Synodontis multipunctatus, hayo hayatoshi. Yeye halei watoto wake. Huwapeleka kwa mama mwingine.

Katika ziwa hilo, linalopakana na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, wamo samaki wa jamii ya perege ambao majike wao huatamia mayai kinywani. Jike anapotaga, gogogo huvamia, hula baadhi ya mayai na kuacha yake. Mama, katika haraka ya kuokoa wanawe, huyaokota yote. Mayai ya gogogo huanguliwa mapema zaidi, na vitoto vyake huwala watoto wa mwenyeji humo humo kinywani. Mtafiti Mjapani, Tetsu Sato, alieleza jambo hili mwaka 1986. Wahenga walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone”. Mgeni huyu hamponyi mwenyeji wake.

Basi mfugaji afanyeje? Tangi lisipungue lita 200, maji yawe yenye chokaa, na joto liwe nyuzi 24 hadi 27. Weka gogogo watano au zaidi, pamoja na perege dume mmoja na majike kadhaa. Ukimwona jike kidevu kimetuna na chakula anakikataa, jua amebeba. Mhamishie taratibu katika tangi la peke yake, kwani baada ya majuma matatu hivi atawatoa watoto, nao wakikutana na samaki wakubwa wataliwa. Watoto wapewe vijidudu vidogo vya majini na chakula kilichosagwa laini.

Lakini tusimsahau mama. Majuma yote hayo hali, au hula kidogo mno. Hukonda akilea wasio wake. Asirudishwe kwa wenzake siku ile ile, bali alishwe vizuri mpaka mwili umrudie, na zamu ifuatayo achukue jike mwingine. Wala asitumiwe perege wa aina adimu, maana kila uzazi wa gogogo humgharimu mwenyeji uzazi wake mwenyewe.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumzia usafishaji wa tangi.