Ahadi ya Mungu na jaketi



Vijana wetu wa Lubao wakipanga safari ya Kisumu, lazima wafike Dunga wapande mashua wakatazame viboko. Ni sawa, ziwa ni kazi ya mikono ya Mungu. Lakini ukiniambia, "Pasta, mimi sihitaji jaketi la kuokoa maisha, nimefunikwa kwa damu ya Yesu," hapo tutakosana. Hiyo si imani. Ni kumjaribu Mungu.

Soma Matendo 27. Paulo alishapewa ahadi kwamba hakuna atakayekufa. Hata hivyo, mabaharia walipotaka kutoroka, alionya kwamba wakiondoka, wengine hawatapona. Meli ilipokwama, waliojua kuogelea waliruka, wengine wakashika mbao. Wote 276 wakafika nchi kavu. Ahadi ilitimia, na mbao zilitumika!

Usiseme pia, "Si tumekaribia kufika?" Tarehe 20 Septemba 2018, kwenye ziwa hili hili upande wa Tanzania, kivuko cha MV Nyerere kilichojaa kupita kiasi kilipinduka kikikaribia gati la Ukara. Zaidi ya watu 200 walikufa wakiiona nchi kavu.

Kwa hivyo kijana, mashua ikijaa, shuka. Jaketi likikosekana, usipande, hata kama umeshalipa. Pesa hutafutwa, wewe mama yako atakutoa wapi? Omba, funga jaketi, na usilifungue mpaka ukanyage nchi kavu.

Mtumie kijana anayesafiri.