Mchezo wa Kutwaa Nchi

Msomaji kijana, leo nataka kusema nawe juu ya mchezo. Usicheke ukadhani kwamba mwalimu amekosa kazi ya kufanya. Mchezo ni shule isiyo na kengele wala mtihani: kijana huingia kwa hiari yake, hukaa humo mpaka usiku wa manane, na aghalabu yale aliyojifunza humo hayamtoki upesi kama yaliyoandikwa ubaoni. Kwa hiyo ni haki yetu kuuliza shule hiyo inafundisha nini.

Upo mchezo wa kompyuta uitwao Colonization. Ulitolewa Marekani mwaka 1994 na kampuni ya MicroProse, nao ulibuniwa na Brian Reynolds pamoja na Sid Meier. Mwaka 2008 ulitengenezwa upya. Mchezaji huchagua taifa moja kati ya manne: Uingereza, Ufaransa, Uhispania au Uholanzi. Mwaka wa kuanzia ni 1492. Merikebu yake hufika pwani ya Amerika, watu wake wakashuka, wakajenga mji, wakalima miwa, tumbaku na pamba, wakapeleka mali Ulaya na kurudi na bunduki, farasi na vyombo vya kazi. Baadaye mfalme huzidisha kodi, walowezi wakakasirika, na mwisho mchezaji hutangaza uhuru na kupigana na majeshi ya mfalme wake. Akiyashinda, ameshinda mchezo.

Mimi niliujua mchezo huu nilipokuwa chuo cha ualimu. Tulikuwa vijana wachache tuliokesha mbele ya kompyuta moja, na maswali tuliyoulizana yalikuwa ya namna tatu. La kwanza lilikuwa la biashara: niuze nini, na niuze lini ili bei isianguke? La pili lilikuwa la mapatano: nifanye urafiki na nani, na zawadi ya kiasi gani itampoza? La tatu lilikuwa la vita: nimshambulie nani, na kwa askari wangapi? Hayo ndiyo maswali ya kila mchezaji wa michezo ya namna hii, awe Nairobi au London. Ni maswali ya mtu mwenye akili, maana bila kuyajibu hushindi.

Walakini yatazame vizuri. Yote matatu huulizwa na mtu mmoja, naye amesimama mahali pamoja, yaani juu ya merikebu, akiitazama pwani. Hakuna hata moja linaloulizwa na mtu aliyesimama pwani akiitazama merikebu inakuja. Katika mchezo huo yamo mataifa manane ya wenyeji, kama Inca, Aztec, Iroquois na Cherokee, lakini mchezaji hawezi kuchagua kuwa mmoja wao. Wao wamewekwa pale kama mito na misitu ilivyowekwa: wa kupitiwa, wa kutumiwa, au wa kuondolewa njiani.

Nitakuambia kosa langu mwenyewe. Usiku mmoja nilichoma kijiji cha Inca. Katika mchezo ule, ukichoma kijiji cha watu matajiri hutoka gari la hazina, nawe hulivuta mpaka bandarini. Gari langu lilikuwa limejaa. Niliwaita wenzangu, wakanipigia makofi. Asubuhi yake nilikwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja, na somo langu lilikuwa vita vya Wanandi. Nilieleza jinsi majeshi ya Waingereza, katika vita vya mwaka 1905 na 1906, yalivyochoma nyumba za Wanandi na kuteka ng'ombe wao kwa maelfu. Msichana mmoja aliyekaa nyuma alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, nyumba zilipochomwa, wale watu walikwenda kulala wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na tarehe, nilikuwa na majina, nilikuwa na sababu tano za vita na matokeo sita. Swali lile halikuwamo katika daftari langu, wala usiku uliotangulia halikuwamo kichwani mwangu nilipokuwa nikishangilia gari la dhahabu. Tangu siku ile nimeamini kwamba maswali matatu ya mchezaji hayatoshi. Sharti liongezwe la nne: na yule wa upande wa pili, yamemfikaje?

Tuanze na biashara. Nakubali kwamba mchezo huu hufundisha kweli fulani. Ukimwaga sokoni shehena ya tumbaku kila mara, bei yake hushuka. Anayeuza nguo hupata zaidi ya anayeuza pamba mbichi. Mkulima wetu wa kahawa anaijua kweli hiyo kwa uchungu. Lakini tazama shambani. Miwa inalimwa, pamba inachumwa, na wanaofanya kazi hiyo ni walowezi, vibarua na wafungwa waliotoka Ulaya. Mtumwa wa Kiafrika hayumo kabisa. Wanahistoria wanakadiria kwamba watu wapatao milioni 12 na nusu walipakiwa merikebuni Afrika wavushwe Bahari ya Atlantiki, na kwamba zaidi ya milioni moja na nusu kati yao walikufa baharini. Wengi wa waliofika ndio waliokata miwa ile. Mchezo umeibakiza sukari, ukamwondoa mkata miwa.

Wako wanaosema kwamba waliondolewa kwa heshima, maana kuwafanya wanadamu bidhaa za kuchezea ni aibu. Ni kweli ni aibu. Lakini kumfuta mtu katika hesabu si kumheshimu. Kijana aliyejifunza biashara ya sukari katika shule hiyo atatoka akiamini kwamba utajiri ule uliletwa na werevu wa mfanyabiashara peke yake. Huo ni uongo, na utamu wa sukari hauufanyi kuwa kweli.

Twende kwenye mapatano. Katika mchezo, hasira ya wenyeji ni kipimo kinachopanda na kushuka. Ukikaa karibu nao mno, hupanda. Ukiwapa zawadi, hushuka. Mfaransa amepewa sifa kwamba wenyeji hawamkasirikii upesi. Mchezaji hujifunza kwamba hasira ya mwenye nchi ni kama homa: kazi yako ni kuipoza mpaka upate nguvu. Hajifunzi kuuliza kama hasira hiyo ina haki.

Sasa kumbuka yaliyotokea kwetu. Mwaka 1890, huko Dagoretti, Waiyaki wa Hinga alikula kiapo cha undugu na Frederick Lugard, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki. Kwa Waiyaki kiapo kilikuwa kiapo: ndugu hamwibii nduguye. Kwa kampuni kilikuwa njia ya kupata chakula cha misafara na mahali pa kujenga ngome. Watu wa kampuni waliponyang'anya chakula na mifugo, mapatano yalivunjika. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa, akasafirishwa kupelekwa pwani, akafia njiani huko Kibwezi. Ukimuuliza mchezaji hodari habari hiyo, atakuambia kwamba kampuni ilicheza vizuri: ilifanya urafiki ilipokuwa dhaifu, ikauvunja ilipopata nguvu. Jibu hilo ni sahihi kwa kanuni za mchezo. Je, wewe unalikubali? Kama hulikubali, basi umekwisha kujua kwamba kanuni za mchezo si kanuni za haki.

La tatu ni vita. Mhispania katika mchezo huo ameongezewa nguvu ya nusu nzima anapowashambulia wenyeji, na wachezaji wengi humchagua kwa ajili hiyo. Kweli, mwishoni mchezaji hukatwa alama kwa kila kijiji alichokiangamiza, na wengine hutaja jambo hilo kuwa ni adili la mchezo. Adili gani hilo? Ni kusema kwamba kijiji kina bei, na mwenye kuweza kuilipa na achome. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, alikwenda kuonana na Richard Meinertzhagen kwa mazungumzo ya amani, akauawa papo hapo. Kwa hesabu ya merikebu hiyo ilikuwa hatua moja iliyofupisha vita. Kwa hesabu ya pwani ilikuwa hila iliyotendwa katika mkutano wa amani. Hesabu ya pili haina mahali pa kuandikwa katika mchezo.

Na ukisema kwamba hayo ni mambo ya Amerika, nitakuonyesha mchezo ulio karibu zaidi. Mwaka 2015 ulitolewa mchezo wa ubaoni uliobuniwa na Alexander Pfister, nao jina lake ni Mombasa. Wachezaji hununua hisa katika kampuni nne, ambazo makao yake ni Mombasa, Cape Town, Saint-Louis na Cairo, kisha kampuni hizo hueneza vituo vyao vya biashara barani Afrika. Ni mchezo uliosifiwa sana kwa ustadi wake. Mwaka 2022 ulitolewa tena kwa jina la Skymines, na safari hii kampuni zinachimba madini mwezini, kanuni zikiwa karibu zilezile. Lifikiri jambo hilo. Bara zima liliondolewa, mwezi usiokaliwa na mtu ukawekwa mahali pake, na mchezo ukaendelea bila kupungukiwa. Basi ni dhahiri kwamba Mwafrika hakuwamo tangu mwanzo. Mombasa, mji wa misikiti na mashairi na mabaharia, ulikuwa jina tu juu ya ubao.

Hapa najua utaniambia, "Mwalimu, huu ni mchezo tu." Nakujibu kwamba hakuna anayesema hivyo anapojisifu ameshinda. Wengine watasema, "Basi ipigwe marufuku." Hao nawapinga vilevile. Kijana aliyekatazwa kucheza hajajifunza kuuliza, amejifunza kujificha. Tena kuna jambo moja katika Colonization linalostahili kufikiriwa kwa makini. Mlowezi anapotozwa kodi na mfalme bila kuulizwa, mchezo mzima humwambia asimame adai uhuru wake, na mchezaji huona fahari kufanya hivyo. Lakini mlowezi huyohuyo hakuwauliza wenye nchi hata siku moja. Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Mchezo unajua maana ya uhuru. Umeunyima upande mmoja tu.

Wala usidhani kwamba mchezo wa akili na wa vita hauwezi kuwa na haki. Tazama bao linalochezwa barazani na wazee wetu wa pwani. Kete ni 64, kila mchezaji ana zake 32 na safu zake mbili za mashimo. Mna kuteka humo, mna hila, mna kushindwa kwa aibu mbele ya watu. Lakini anayekaa mkabala nawe ni mchezaji kama wewe: anafikiri, anapanga, anaweza kukushinda, na kabla ya kucheza huna budi kujiuliza yeye anaonaje. Bao halikuruhusu kumfanya mpinzani wako kuwa msitu.

Kwa hiyo sikuambii uache kucheza. Nakuambia ucheze kama mtu aliyesoma. Unapouliza utauza nini, uliza pia nani amelima. Unapouliza utapatana na nani, uliza yeye amefahamu nini katika mapatano hayo. Unapouliza utashambulia lini, uliza walioshambuliwa watakuwa wapi usiku. Kisha chukua karatasi, uandike habari ya mchezo wako kama ambavyo ingeandikwa na mzee wa kijiji kile ulichokichoma. Ukiona haya kuiandika, umejifunza jambo ambalo kompyuta haikukufundisha.

Tena wako miongoni mwenu ambao watakuja kuwa mabingwa wa kompyuta na kubuni michezo yao wenyewe. Hao nawapa kazi kubwa zaidi. Msituletee mchezo uleule, mkabadili rangi za bendera tu, ili sasa sisi tuwe juu ya merikebu na wengine wawe pwani. Tubunieni mchezo ambao Waiyaki ana zamu yake ya kucheza, na Lugard hana budi kuingoja.

Yule msichana aliyeniuliza swali sasa ni mtu mzima, na sijui kama anakumbuka. Mimi nakumbuka. Kila ninapofundisha somo lile, kabla ya tarehe na kabla ya majina, huliandika swali lake ubaoni, nikawaacha wanafunzi walitazame kwanza: nyumba zilipochomwa, wale watu walikwenda kulala wapi?