Taka za Nani, na Zinakwenda kwa Nani?



Wapendwa Taifa la Mungu, baada ya mahubiri ya Dominika iliyopita baadhi yenu mlinifuata sakristia mkaniambia, kwa upole na heshima, kwamba padre ahubiri mambo ya roho, na habari za taka aiachie manispaa, kwa kuwa kila kaya inalipa ada ya uzoaji. Nimelitafakari neno hilo juma zima. Hoja hiyo ni batili, kiraia na kiimani.

Ada mnayolipa hainunui kutoweka kwa taka. Inanunua kuhamishwa kwake tu. Wakazi wa zamani wa Dar es Salaam wanaijua historia hii. Dampo lilikuwa Tabata. Wananchi wa pale, wakiwa wamechoshwa na moshi, harufu na nzi, walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 1988 Jiji likaamriwa kuacha kumwaga taka. Jiji lilirudi mahakamani kuomba liongezewe muda, na Jaji Lugakingira akashangaa kwamba mamlaka ya umma inaweza kusimama mbele ya hakimu na kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira ya watu. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Mwaka 1991 wakazi karibu 800 nao wakashtaki, nao wakashinda. Zikaenda Vingunguti. Zikaenda Mtoni. Baadaye zikaelekezwa Pugu Kinyamwezi. Naam, Pugu hiyo hiyo ambako wamisionari Wabenediktini walianzisha misheni mwaka 1888, nasi tunakwenda kuhiji tukiimba Rozari.

Tazameni basi orodha hiyo ya maeneo. Hamtaona Masaki wala Oysterbay. Anayesema “nimetupa” hajatupa. Amempelekea mwenzake, na mara nyingi mwenzake aliye maskini kuliko yeye. Huko Addis Ababa, mwezi Machi 2017, lundo la taka la Koshe liliporomoka likaua watu zaidi ya 110. Kampala, tarehe 10 Agosti 2024, dampo la Kiteezi liliporomoka baada ya mvua, wakafa zaidi ya 30. Wale walifukiwa na maganda, chupa na matambara ya watu wasiowafahamu.

Sasa mtaniuliza: kaya moja ifanye nini? Itenganishe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka mamlaka za serikali za mitaa kuhakikisha kwamba taka zinatenganishwa pale pale zinapozalishwa. Lakini sheria hiyo haiwezi kuingia jikoni kwako kama wewe mwenyewe hutaki. Sehemu kubwa ya taka za majumbani mwetu ni zile zinazooza: maganda ya ndizi na mihogo, mabaki ya ugali, majani ya mchicha. Zikitiwa shimoni na kufunikwa udongo, au zikirundikwa na kugeuzwa mara kwa mara, baada ya miezi michache huwa mboji, na bustani hupata mbolea bila gharama. Zikifungwa kirobani pamoja na pampasi, chupa na betri za redio, huozea dampo bila hewa, hutoa gesi ya methani inayoongeza joto la dunia na kuwasha mioto isiyozimika upesi, na maji yake meusi huchuruzika hadi mitoni. Chupa za plastiki, vyuma na makopo vina wanunuzi. Betri, dawa za wadudu zilizoisha muda na simu mbovu visiguswe na watoto, wala visichanganywe na chochote. Na sindano! Mgonjwa anayejidunga insulini nyumbani aziweke katika chupa ngumu yenye kifuniko, azirudishe zahanati. Anayeokota chupa ana mikono mitupu.

Wengine hujigamba kwamba hawasumbui mtu, wao huchoma. Plastiki ikichomwa uani hutoa moshi wenye sumu, na wa kwanza kuuvuta ni mtoto wa jirani mwenye pumu. Na wale wanaongoja mvua kubwa ili watapishe vyoo mtaroni, sijui niwaite nani. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilianza katika jiji hili kikasambaa nchini. Hakikuuliza mtu ana cheti cha ubatizo au hana.

Nije sasa kwenye imani, maana ndiko mlikonituma. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23, Mungu anawaagiza Waisraeli watenge mahali nje ya kambi na wachukue kijiti cha kufukia uchafu wao, kwa sababu Yeye mwenyewe anatembea katikati ya kambi. Agizo hilo limo katika Maandiko Matakatifu, si katika waraka wa bwana afya. Bwana wetu naye, baada ya kuwashibisha maelfu, aliagiza vipande vilivyobaki vikusanywe kisipotee kitu. Papa Fransisko alipotoa waraka wa *Laudato Si’* mwaka 2015 alifungamanisha utamaduni wa kutupa vitu na utamaduni wa kutupa watu. Kijana asukumaye guta la taka, tunayemwita chokoraa na kumzibia pua, anaijua maana yake kuliko sisi.

Kwa hiyo nimezungumza na Halmashauri ya Walei. Kuanzia Dominika ijayo yatakuwapo mapipa mawili nyuma ya kanisa, moja la taka zinazooza na jingine la chupa na makopo, na shimo la mboji litachimbwa pembeni ya bustani ya WAWATA. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wafike Jumamosi saa tatu asubuhi wakiwa na majembe. Wale walionifuata sakristia ningependa kuwaona wa kwanza.